Je, wajua kwa nini msomi wa kwenye riwaya za Kigothi huwa anaishia pabaya?

Zile riwaya za kutisha za Kizungu za karne ya 19, wanazoziita za Kigothi, kuna jamaa mmoja hakosekani: msomi anajifungia chumbani, anatafuta siri ambayo hakuna mwenzake aliyeifikia, halafu inamtokea puani. Wengi wanakwambia funzo lake ni usichimbe sana elimu. Mi naona sivyo kabisa.

Chukua Frankenstein ya Mary Shelley, ilitoka London 1818. Alianza kuiandika 1816 akiwa binti wa miaka 18, wako Uswisi karibu na Geneva na kina Lord Byron, mshairi wa Kiingereza, mvua haikatiki maana volkano ya Tambora kule Indonesia ililipuka 1815 ikavuruga hali ya hewa mpaka Ulaya, basi wakakaa ndani wakashindana kutunga hadithi za mizimu. Stori nyingine waliyokuwa wanapiga ni umeme na uhai, na hiyo haikuwa ya kutunga. Mtaliano Luigi Galvani alishaonyesha mguu wa chura mfu unaruka ukipitishiwa umeme. Mpwa wake Giovanni Aldini, Januari 1803, akiwa London akapewa maiti ya George Forster, aliyenyongwa kwa kuua mke na mtoto, akaigusisha waya za betri: taya likatetemeka, jicho moja likafunguka, baadaye mkono ukanyanyuka umekunja ngumi. Mbele ya watu!

Sasa Victor wa kwenye kitabu, mwanafunzi wa Ingolstadt kule Ujerumani, anakusanya viungo kwenye vyumba vya kupasulia maiti na machinjioni, anaunda mtu wa futi 8. Kwa nini 8? Eti viungo vidogo vinamchelewesha, bora afanye vikubwa. Ona hapo, jamaa hana haraka ya kuelewa, ana haraka ya kumaliza. Usiku wa Novemba kiumbe anafungua macho, Victor anatimka, anaenda zake chumbani kulala (kweli kabisa, kulala!). Hata jina hakumpa. Kiumbe anajifunza lugha mwenyewe kwa kuchungulia familia moja kwenye ufa wa ukuta, kila akijitokeza anafukuzwa, mwishowe anamuua mdogo wake Victor, na anayenyongwa kwa kesi hiyo ni Justine, binti wa kazi asiye na hatia, Victor anajua ukweli na yuko kimyaa.

Na ile nasaha maarufu kwamba elimu ni hatari, anayeitoa ni huyo huyo Victor, anamwambia nahodha Walton anayetafuta Ncha ya Kaskazini. Ajabu mabaharia wakitaka kugeuza meli, barafu imewabana, anawahutubia wasonge mbele! Mshauri gani huyo.

Dr Jekyll wa Robert Louis Stevenson, 1886, ndo kabisa. Dawa anayojitengenezea inamgeuza kuwa Hyde, mtu mwovu, na kumrudisha, unga wa kwanza wa kuitengeneza ukiisha anamtuma mtumishi maduka yote ya dawa London, kila unaoletwa haufanyi kazi. Anadhani ni mchafu. Baadaye anagundua ule wa kwanza ndo ulikuwa umechanganyika na uchafu, na uchafu huo asioujua ndo uliokuwa unafanya kazi. Daktari mzima alikuwa anakunywa kitu asichokijua, unaita huko kujua kupita kiasi?