Je, wajua kwa nini kamera ya kunasa gesi inayovuja huhitaji kusaidiwa ndipo ione?

Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, haina rangi wala harufu. Ule uvundo unaotushtua hutiwa makusudi kabla gesi haijamfikia mtumiaji. Kwenye bomba ambalo gesi yake bado haijatiwa harufu, mtu anaweza kusimama hatua chache tu kutoka penye tundu na asijue lolote. Ndiyo maana mafundi hubeba kamera ya infraredi, yaani mionzi ambayo macho yetu hayaioni. Ila ukiiona picha ghafi ya kamera hiyo utavunjika moyo: kijivu kitupu, chengachenga tele, na gesi huioni.

Mwanga tunaouona kwa macho una mawimbi ya urefu wa maikromita 0.4 hadi 0.7 hivi (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), nao hupenya methani bila kizuizi. Mambo hubadilika kwenye maikromita 3.3, katika infraredi, kwani hapo molekuli za methani hunyonya mionzi. Kamera huwekewa kichujio kinachopitisha ukanda huo mwembamba tu. Ukuta wenye joto hutoa mionzi, gesi inapita mbele yake, inanyonya sehemu, na kivuli kinabaki. (Haidrojeni hainyonyi mionzi hii, kwa hiyo ikivuja, kamera ya aina hii haina msaada.)

Shida ni kwamba kivuli chenyewe ni hafifu mno. Tena gesi ikiwa na joto sawasawa na la kitu kilicho nyuma yake, inatoa mionzi kiasi kilekile inachonyonya, na kivuli kinatoweka kabisa. Hapo hakuna programu itakayokuokoa. Fundi huzunguka akatafute pembe nyingine, pengine gesi ionekane mbele ya anga, ambalo huwa baridi zaidi. Iliyokuwa haionekani sasa inang'aa. Kwa maoni yangu huo ndio uboreshaji wa picha ulio muhimu kuliko wote, nao hufanywa kwa miguu.

Kamera nayo ina joto lake, na kila chenye joto hutoa infraredi. Ni kama kupiga picha huku taa inawaka ndani ya kamera. Kwa hiyo kwenye kamera nyingi za kazi hii, kihisi, yaani sehemu inayopokea mionzi, hupoozwa hadi karibu nyuzi -196 za Selsiasi. Hata baada ya hapo, kila pikseli (nukta ya picha) ina tabia yake: hii huzidisha kidogo, ile hupunguza. Mara kwa mara kamera hujifunika kwa kibati chenye joto sawa kila mahali, unasikia “tik”, picha inaganda kidogo, kosa la kila pikseli linapimwa kisha linaondolewa.

Halafu kuna suala la ngazi za kijivu. Kihisi cha biti 14 hutofautisha ngazi 16,384, lakini skrini ya kawaida huonyesha 256 tu. Kukiwa na bomba la moto upande mmoja na anga baridi upande mwingine, ngazi zote humalizwa na hivyo viwili, na gesi huambulia moja au mbili. Programu huikata picha vipande vidogo, ikanyoosha tofauti za kila kipande peke yake. Gesi hujitokeza, ila chengachenga nazo hukuzwa vilevile.

Kinachosaidia kuitenga gesi ni mwendo. Bomba limetulia, gesi inacheza. Chukua fremu 16 zilizopita, yaani picha moja moja za video, utafute wastani wake: chengachenga za kubahatisha hupungua hadi robo. Toa wastani huo kwenye fremu ya sasa. Maungio ya bomba yaliyojaa skrini yanafutika, boliti zake zote zinapotea, na pale kati ya boliti mbili unabaki mkia mdogo unaopeperuka. Mara ya kwanza ni kama kiinimacho.

Lakini mkono ukitetemeka kila ukingo unawaka, ndiyo sababu ya kutumia stendi ya miguu mitatu. Majani na mvuke wa maji pia hutembea. Siku hizi akili mnemba hufunzwa kwa video kutambua tabia ya gesi inayovuja: huanzia penye nukta moja, hupanuka, hukatikakatika na upepo. Nina wasiwasi kidogo hapa, maana programu inayosafisha kupita kiasi inaweza kuufuta mvujo mdogo ikidhani ni uchafu, au kuona mkia pasipo na mkia.

Ndiyo maana fundi mzoefu, skrini ikishamwonyesha boliti ya kutilia shaka, huitia maji ya sabuni, akainama kutazama kama mapovu yatatoka.