Je, wajua neno 'commandeer' Waingereza walilitoa Afrika Kusini?

Askari anasimamisha gari lako, anakuteremsha, anaondoka nalo kwa kuwa jeshi linalihitaji. Mwingereza analo neno moja la tendo hilo: 'commandeer'. Sisi husema kutwaa kwa nguvu, ila hapa anayetwaa anadai kuwa ana mamlaka ya kufanya hivyo.

Neno lenyewe Waingereza walilipata kwa Makaburu, walowezi wa Afrika Kusini wenye asili ya Kiholanzi, miaka ya 1880, walipokuwa wakigombea nchi ya Transvaal. Makaburu walisema 'kommandeer', wakiwa wamelirithi kwa Waholanzi, nao Waholanzi kwa Wafaransa. Mzizi wake ni wa Kilatini, 'mandare', yaani kukabidhi, na ndani yake mna 'manus', mkono. Nalistaajabia sana jambo hili: neno la kumtia mtu kitu mkononi limegeuka kuwa la kumpokonya.

Liligeuka kwa sababu ya namna Makaburu walivyopigana. Jamhuri zao, Transvaal na Orange Free State, hazikuwa na jeshi kubwa la kudumu. Vita vikizuka, wanaume raia wa miaka 16 hadi 60 waliitwa kwenye kikosi kilichoitwa 'kommando', kila mmoja na farasi wake, bunduki yake na chakula cha siku kadhaa. Vilivyopungua, kama vile farasi, ng'ombe au magari ya kukokotwa, vilichukuliwa kwa wenyewe. Kuitwa vitani na kunyang'anywa mali kukawa na jina moja.

Mwaka 1894 Transvaal ilipokwenda kumpiga Malaboch, mtawala wa Wahananwa wa milima ya Blouberg, iliwatwaa hata Waingereza waliokuwa wakiishi Transvaal na kuwalazimisha wakapigane. Pakawa na kelele kubwa, hata kamishna mkuu wa Uingereza, Henry Loch, akasafiri hadi Pretoria, na raia wake wakasamehewa wajibu huo. Malaboch hakupata mtetezi wa namna hiyo. Alizingirwa mlimani kwake, akasalimu amri, akafungwa Pretoria.

Pacha wa neno hili tunaye: komando. Mwaka 1940 Dudley Clarke, afisa wa Uingereza aliyezaliwa Johannesburg, alikumbuka vikosi vya Makaburu alipopendekeza jina la askari wapya wa kuvamia pwani zilizoshikwa na Wajerumani. Jina likaenea duniani, likafika hata kwetu.

Naye Jan Smuts, Kaburu aliyeongoza kommando dhidi ya Waingereza mwaka 1901, alikuja Afrika Mashariki mwaka 1916 akiwa jenerali wao, kupigana na Wajerumani. Mizigo ya vita hivyo ilibebwa vichwani na wapagazi wa Kiafrika, wengi wao wakiwa wametwaliwa vijijini kwa nguvu. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ndicho kilichoipa Kariakoo ya Dar es Salaam jina lake.