Je, wajua? Sheria tatu za roboti zilitoka hadithini, si kiwandani

Tulikuwa tumekaa ufukweni Dunga, Kisumu, mimi na mpwa wangu, tukingoja samaki wetu, ngege, wakaangwe. Alikuwa kidato cha pili na alikuwa amesoma mahali kwamba roboti zina sheria tatu. Akaniuliza, "Shangazi, roboti ikimkanyaga mtu bila kujua, hiyo sheria ya kwanza itaizuia vipi?" Nikamjibu bila kusita kwamba sheria hizo hutiwa ndani ya kila roboti kiwandani, kama gari linavyofungwa breki kabla ya kuuzwa. Hivyo ndivyo nilivyoamini kwa miaka mingi. Nilikosea, na kwa kuwa nimewasikia wengi wakirudia kosa hilohilo, nitakaa nalo kidogo.

Sheria zenyewe kwa ufupi ni hizi. Ya kwanza: roboti asimdhuru binadamu, wala asikae akitazama binadamu akidhurika. Ya pili: atii amri za binadamu, isipokuwa amri inayokwenda kinyume na sheria ya kwanza. Ya tatu: ajilinde asiharibike, mradi kujilinda huko kusivunje hizo mbili. Zilitajwa wazi kwa mara ya kwanza Machi 1942, katika hadithi fupi ya Isaac Asimov iitwayo "Runaround", ndani ya jarida la Marekani lililoitwa Astounding. Asimov alikuwa na miaka 22.

Linganisha mwaka huo na 1961. Huo ndio mwaka ambao Unimate, roboti ya kwanza ya kazi za kiwandani, ilianza kazi katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey. Ulikuwa mkono mmoja mkubwa wa kubeba vipande vya chuma vilivyotoka kwenye kalibu vikiwa bado vya moto. Haukuona, haukusikia, wala haukujua binadamu ni kitu gani. Hata leo mikono mingi ya aina hiyo huzungushiwa uzio, na mlango wa uzio ukifunguliwa, mashine husimama. Husimama kwa sababu swichi imekatika. Kuhusu wewe uliyeingia haina habari yoyote.

Jaribu sasa kuiandika sheria ya kwanza kwa lugha ya kompyuta. Utaanza na neno "dhara". Muuguzi anayemchoma mtoto sindano ya chanjo anamdhuru? Mama anayemnyima mwanawe soda ya tatu je? Ukimbeba abiria kwenye boda bila kofia naye akafika salama, umemdhuru au hukumdhuru? Sisi tunayaamua mambo haya kila siku kwa busara tuliyolelewa nayo, na bado tunabishana. Kompyuta inahitaji kitu kinachohesabika, na sheria ya kwanza haina hata neno moja linalohesabika. Ndiyo maana hakuna mtambo wa kiwandani unaoendeshwa na sheria hizo. Ni kweli kwamba Joseph Engelberger, aliyeisimamia Unimate hadi ikaingia sokoni, alikuwa msomaji wa Asimov na alisema hadithi hizo zilimpa hamu ya kazi. Hamu ilitoka hadithini, lakini sheria zilibaki kwenye karatasi.

Basi zilitungwa za nini?

Kabla ya hapo, kiumbe wa kutengenezwa hadithini mara nyingi alileta maafa. Mwaka 1816 E. T. A. Hoffmann alisimulia kijana aliyempenda Olimpia bila kujua kwamba ni mwanasesere wa mtambo, na kijana huyo akaishia kwenye wazimu. Mwaka 1893 Jerome K. Jerome aliandika juu ya mchezaji dansi wa mtambo asiyejua kusimama, na binti aliyecheza naye akafa mikononi mwake. Katika hadithi ya Ambrose Bierce ya 1899, mashine ya kucheza sataranji inashindwa mchezo, kisha inamuua aliyeitengeneza.

Neno roboti lenyewe lilikuja na mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, R.U.R., uliochapishwa 1920. Limetokana na neno la Kicheki, robota, yaani kazi ya shuruti, na Čapek alisema ni ndugu yake Josef aliyelipendekeza. Roboti wake hawakuwa wa chuma hata kidogo. Walikuwa wa nyama iliyokandwa kiwandani. Nao wakaasi. Msomaji wa Nyanza hahitaji maelezo marefu kuhusu kazi ya shuruti: mwaka 1921, mchezo huo ulipoonyeshwa Prague, ndio mwaka ambao chama cha Young Kavirondo Association kiliundwa huku kwetu kupinga kipande (kitambulisho cha lazima cha wakoloni) na kazi za kulazimishwa, pamoja na mengine.

Mgeuko ulitokea mwishoni mwa miaka ya 1930, na mfano ninaoupenda ni wa Januari 1939, wakati ndugu wawili walioandika kwa jina moja la Eando Binder walipochapisha hadithi inayosimuliwa na roboti mwenyewe, Adam Link. Anashtakiwa kwa kifo cha aliyemuunda, kifo ambacho hakukisababisha, na anasema "mimi". Kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Sisi hatuwezi kulitaja jina lolote bila kuliweka kwenye ngeli. Tukisema "roboti hii" tumeiweka na meza na redio. Tukisema "roboti huyu" tumemweka na watu na wanyama. Swali ambalo waandishi wa Marekani walilijibu kwa kurasa nyingi, kwetu linadai jibu katika neno la pili la sentensi. Lakini akisema "mimi" hana ngeli ya kuchaguliwa: anasimama palepale ninaposimama mimi na wewe. (Katika makala haya wa hadithini nawapa A-WA, za viwandani I-ZI.)

Asimov alivutiwa na hadithi hiyo. Yeye alichoshwa na roboti wanaomgeukia mwenye kuwaunda. Alisema kisu huwekewa mpini na ngazi huwekewa mahali pa kushika, basi kwa nini mhandisi atengeneze roboti asiye na kinga? Roboti wake wa kwanza, Robbie, aliyechapishwa 1940, ni yaya anayempenda mtoto anayemlea. Desemba 1940 Asimov na mhariri wake, John W. Campbell, wakazungumza, na sheria tatu zikapata umbo. Nani hasa aliyezitunga ni vigumu kusema: Asimov alisema ni Campbell, naye Campbell akasema zilikuwa tayari kichwani mwa Asimov, yeye alizichambua tu.

Hapo ndipo nilipojisahihisha. Sheria isiyoshindwa kamwe haizai hadithi. Asimov alihitaji sheria zinazoonekana kamili, kisha katika kila hadithi atafute mahali zinapopasuka.

"Runaround" yenyewe ni mfano. Tuko kwenye sayari ya Zebaki, karibu kabisa na jua. Wanaume wawili, Powell na Donovan, wanamtuma roboti aitwaye Speedy akachote seleniamu kutoka kwenye dimbwi lake. Wasipoipata, kinga yao dhidi ya joto itakwisha. Saa zinapita, Speedy harudi. Wanamkuta akilizunguka dimbwi, mbali kidogo nalo, akibwabwaja kama mlevi. Hajaharibika. Anatii sheria zote.

Fikiria mbwa wa hapa ufukweni aliyeona kichwa cha samaki kimeangukia katikati ya makaa ya jiko. Njaa inamvuta, na mvuto wake ni uleule akiwa mbali au karibu. Joto linamsukuma, lakini joto hukua kadiri anavyosogea. Tuseme njaa ina nguvu ya 5. Hatua kumi kutoka kwenye jiko, joto lina nguvu ya 1, kwa hiyo anasogea. Hatua moja kutoka hapo penye makaa, joto lina nguvu ya 20, anaruka nyuma. Katikati pana mahali joto nalo ni 5. Hapo hasogei mbele wala harudi nyuma.

Kwa nini basi azunguke badala ya kusimama? Kwa sababu mahali hapo si sehemu moja tu. Ukitafuta kila sehemu ambapo joto ni 5, utapata duara zima kulizunguka jiko. Akiingia ndani ya duara, joto linamsukuma. Akitoka, njaa inamvuta. Lakini kwenda kando hakuna kinachomzuia. Mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi huchora duara kwa kamba. Speedy amefungwa kwa kamba isiyoonekana, iliyosokotwa kwa utiifu na woga.

Kilichoharibu mambo ni namna ya kutuma. Unajua tofauti ya "ukipita dukani niletee chumvi" na "kimbia, mtoto ana degedege, lete daktari". Donovan alitoa amri ya aina ya chumvi, kwa hiyo sheria ya pili ilivuta kidogo. Speedy naye ni roboti wa bei kubwa, kwa hiyo waliomuunda walikuwa wameiongezea nguvu sheria ya tatu. Mvuto dhaifu ukakutana na woga mkali. Wanajaribu kuongeza hatari upande mmoja, naye anahamia tu kwenye mizani mpya. Hatimaye Powell anatoka mwenyewe kwenye jua kali, mahali atakapokufa asiposaidiwa. Sheria ya kwanza inaamka, nayo haipimwi dhidi ya nyingine. Speedy anamkimbilia na kumwokoa.

Kuna jambo moja linalonizuia kusema kwamba haya yote ni ya karatasini tu. Mwaka 2014 huko Bristol, Uingereza, Alan Winfield na wenzake walikipa kiroboti kidogo kanuni inayofanana na sheria ya kwanza: kizuie viroboti vingine, vilivyowakilisha watu, visiangukie shimoni. Kimoja kilipokuwa hatarini, kilikiokoa. Viwili vilipokuwa hatarini kwa pamoja, mara 14 kati ya 33 kilisitasita muda mrefu hata vyote viwili vikatumbukia. Lilikuwa jaribio dogo, kwa viroboti vya mezani, na halithibitishi mengi. Lakini kusitasita kule ni kwa Speedy kabisa.

Waliomfuata Asimov walizisukuma sheria upande wa pili. Jack Williamson, mwaka 1947, aliuliza itakuwaje roboti wakitulinda bila kukosa hata mara moja. Katika "With Folded Hands" wanakataza kuendesha gari, wanaondoa kila chombo chenye ncha, na asiye na furaha wanamtibu ubongo hadi afurahi. Hakuna aliyeasi, hakuna sheria iliyovunjwa, na binadamu anabaki amekunja mikono. Kwangu hii inatisha kuliko mashine ya Bierce. Philip K. Dick alirudisha roboti wauaji 1953. Mwaka 1969 Brian Aldiss aliandika juu ya mtoto David anayehangaika kumwandikia mama yake barua asijue kwamba yeye ni wa kutengenezwa. Naomi Kritzer, 2015, alimwondolea roboti mwili kabisa: ni akili iliyo mtandaoni, inayopenda picha za paka na kuwasaidia watu wasiowahi kukutana nayo.

Asimov mwenyewe alirudi 1976 na Andrew, roboti anayeomba atambuliwe kuwa mtu. Anapewa haki moja baada ya nyingine, lakini hii ya mwisho ananyimwa kwa sababu hafi. Basi anaukubali ubongo wake uharibiwe polepole, na anatangazwa kuwa mtu siku anapotimiza miaka 200, akiwa anakata roho, akimuwaza mtoto wa kike wa nyumba ile ya kwanza aliyoitumikia.

Nilimpa mpwa wangu hadithi hiyo. Wiki iliyofuata alinisimulia tukiwa kwenye matatu ya kutoka Kondele. Alianza na "roboti hiyo". Tulipokaribia kushuka, Andrew akiwa kitandani, alikuwa akisema "yeye".