Alama ya kuuliza kwenye gazeti la michezo

Kwenye jaribio la ufahamu, kijana wangu mmoja wa kidato cha pili alipata 4 kati ya 15. Swali la sitiari aliliruka kabisa. Jumamosi yake nikamkuta kwenye meza ya magazeti hapa Tanga, yeye na wenzake wanne, shingo zimepinda, wanasoma vichwa vya habari bure kama tulivyozoea wengi. "Shikamoo mwalimu," halafu wakarudi kwenye ubishi wao.

Kichwa kimoja kilisema Msimbazi wamenasa kifaa kipya, na mwishoni kuna alama ya kuuliza. Mmoja akaanza kushangilia. Yule wangu akamkatisha: "Huoni hiyo alama? Hawana uhakika hao, wanauza gazeti tu."

Msimbazi hapo si mtaa, ni timu ya Simba. Kifaa ni mchezaji, nayo ndiyo sitiari ile ile aliyoiruka juzi. Zaidi ya hayo, amejua kwamba mwandishi naye ana maslahi yake, jambo ambalo mimi sijawahi kulitungia swali.

Ofisini walimu hulalamika kwamba vijana hawasomi, simu imewaharibu. Wanasoma kutwa! Ila kijiweni mtu husoma ili apate la kusema, na akikosea anazomewa papo hapo. Darasani anasoma kimya, peke yake, kisha anaulizwa na mtu mwenye majibu mfukoni. Mtaani ukimuuliza mtu jambo unalolijua, atahisi unamtega.

Mwaka 1981 wanasaikolojia Sylvia Scribner na Michael Cole walichapisha utafiti wao juu ya Wavai wa Liberia, watu wenye maandishi ya aina tatu: ya Kivai, wanayofundishana wenyewe na kuandikiana barua, ya Kiarabu, ya kusomea Kurani, na ya Kiingereza, ya shuleni. Kila kisomo kilikuwa na faida yake. Wasomaji wa Kurani walifanya vizuri kukumbuka orodha inayoongezwa neno moja moja. Waliopita shule waliwazidi wengine hasa katika kueleza kwa maneno sababu za majibu yao. Nikiwasoma Wavai nawaona wanafunzi wangu: asubuhi Kiingereza cha sekondari, jioni madrasa, na katikati, gazeti.

Basi nikajifanya mjanja, nikaingia darasani na ukurasa wa michezo. Taja sitiari tatu. Pendekeza kichwa kisichozidi maneno matano. Darasa likapoa kama uji wa jana, na mmoja akauliza, "Mwalimu, hii inatoka kwenye mtihani?" Gazeti lilikuwa lao, maswali yalikuwa ya mtihani. Safari ya pili nilileta magazeti mawili yaliyoandika mechi moja, nikauliza swali moja tu: nani kati ya hawa waandishi ni Yanga? Kelele zilivuka hadi darasa la jirani. Neno sitiari nililileta mwishoni, walipokuwa wanalihitaji ili kubishana vizuri.

Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka tuiache ile namna ya kusoma ya shule. Yule kijana anaelewa kifaa kwa sababu mpira anaujua tangu utotoni. Makala ya mmomonyoko wa udongo haina timu. Hapo amebaki na maneno matupu ya mtu asiyemjua, na hana wa kumnong'oneza. Mkataba wa kazi nao uko hivyo hivyo. Fomu ya mkopo pia.

Wiki iliyopita niliwapa kifungu cha ufugaji wa nyuki. Yule wangu alijibu maswali yote, safari hii hata lile la sitiari, kisha pembeni ya sentensi inayotaja tani za asali akachora alama ya kuuliza. Nikamwita. "Hajasema amezitoa wapi hizo tani, mwalimu."

Mwongozo wangu wa kusahihisha haukuwa na alama ya jibu hilo. Nikampa moja, kwa kalamu ya risasi.