Mtungi ulio juu ya saa si wa majivu ya maiti

Nimechoka kuulizwa hizi saa za ukutani za Paris ni za msiba wa nani. Kila nikionyesha saa ya mtindo unaoitwa kwa jina la Louis XVI, mfalme wa Ufaransa, kasha la bronzi lililopakwa dhahabu, hakosi mtu wa kuniambia: "Ule mtungi wa juu ni wa majivu ya marehemu."

Hapana! Herculaneum, mji wa kale wa Kirumi uliofukiwa na volkano, ulianza kufukuliwa mwaka 1738, na mwenzake Pompeii mwaka 1748, na kufikia miaka ya 1760 matajiri wa Paris walitaka vyombo vyao vifanane na vya Wagiriki na Warumi. Mtungi ukapandishwa kwenye vinara, kwenye meko, kwenye samani. Robert Osmond, aliyepata ubingwa wa kusubu bronzi (kuiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu) mwaka 1746, alitoa makasha yenye mtungi juu, vichwa vya kondoo dume na mashada ya majani ya mti wa loreli. Kasha la umbo moja lilitiwa mashine za mafundi saa mbalimbali. Jina mnaloliona kwenye uso wa saa kwa kawaida ni la fundi saa, si la msubu kasha. Kitu kilichouzwa hivyo kwa yeyote mwenye fedha kitakuwaje ukumbusho wa marehemu mmoja?

Sasa utazameni mtungi wenyewe. Ukiwa na mwali wa moto unaotoka mdomoni, mimi nausoma kuwa chetezo. Majivu hayawaki. Hata hivyo nakiri kwamba mwali kama huo mnaukuta pia kwenye makaburi ya zama hizo, ukisimamia roho isiyokufa. Umbo peke yake halitoshi, ndiyo maana naangalia majirani zake. Vichwa vya kondoo na mashada vimetoka kwenye madhabahu za Roma; loreli ni ya mungu Apollo na ya ushindi. (Naelekea kuamini kwamba wanunuzi wengi waliona mtindo mpya tu, wala hawakuwaza sadaka.) Mkikuta mwanamke aliyejitanda shela akiuinamia mtungi, na mwenge ulioelekezwa chini, hapo semeni msiba, nami sitabisha. Nyoka anayejiuma mkia, naye, ni ishara ya umilele.

Na ule weusi wa mikunjoni, ambao wapo wanaouita rangi ya maombolezo, ni vumbi na moshi wa mishumaa. Msiusugue kwa dawa ya kung'arishia shaba. Dhahabu ile ilishikishwa kwa zebaki na moto, tabaka jembamba sana, na ikishasuguliwa ikatoka hairudi.