Umri wa kivuko peke yake hausemi kitu

"Kivuko kikipita miaka 20 usipande, chuma kimeshaoza." Ujumbe huu haukauki kwenye makundi ya gumzo. Tafadhali usiusambaze, kwani si kweli. Kivuko hupandishwa chelezoni (mahali pa kutengenezea vyombo nje ya maji), unene wa mabati yake ukapimwa kwa mawimbi ya sauti, na yaliyolika yakakatwa na kubadilishwa. Hata injini hubadilishwa. Kinachowachanganya watu mara nyingi ni kutu ya juu, ambayo kweli inatisha macho.

Kivuko Herald of Free Enterprise, kilichopinduka Zeebrugge, Ubelgiji, mwaka 1987, kilikuwa hakijafikisha hata miaka 10. Kiliondoka gatini milango ya mbele ikiwa wazi.

Ukitaka uhakika, tazama tarehe ya cheti cha ukaguzi, na kama alama ya mzigo ubavuni (mstari unaoonyesha mwisho wa kina ambacho chombo kinaruhusiwa kuzama kwa mzigo) haijazama.