Beseni moja, mikono kumi

Ukiingia kibandani Gikomba au Mukuru, hapa Nairobi, saa saba mchana, sahani ya ugali na sukuma wiki haifiki kabla ya maji ya kunawa. Kwingine mhudumu huja na birika la maji ya uvuguvugu akakumiminia. Kwingine ni beseni linalozungushwa mezani, kila mmoja akitumbukiza vidole na kumsogezea jirani. Sisi maafisa wa afya ya umma tunapokagua vibanda, beseni hilo ndilo hutuondolea hamu ya kula. Anayenawa mwisho haoshi chochote. Anachukua walichoacha wenzake.

Kunawa kabla ya kula ni desturi yetu tangu jadi, hatukusubiri corona ije kutufunza. Tunachokosa ni sabuni, maji yanayotiririka, na mazoea ya kunawa tukitoka chooni. Hilo la mwisho ndilo zito. Vijidudu vya kipindupindu, taifodi na kuhara damu hutoka na kinyesi, na mkono huwafupishia safari ya kurudi mdomoni. Ugali hupikwa ukachemka, lakini kachumbari hukatwa kwa mikono na kuliwa mbichi. Mkataji akiwa ametoka chooni bila kunawa, wateja wote wa mchana huo wamekula naye.

Na huenda mkataji huyo haumwi kabisa. Mwaka 1907 maafisa wa afya wa New York walimkamata mpishi aitwaye Mary Mallon, mwanamke mwenye afya yake, baada ya taifodi kuzuka katika nyumba alizopika. Alikuwa amebeba bakteria bila dalili yoyote. Ndiyo maana hapa Kenya anayeshughulika na chakula cha kuuza hutakiwa kupimwa na kupewa cheti. Cheti ni kizuri, nami hukidai kila ninapokagua, ila kinaeleza hali ya siku ile ya kupimwa tu. Hakimnawishi mtu mikono Jumanne asubuhi.

Kwa nini maji matupu hayatoshi? Ngozi ina mafuta, na uchafu hunata humo. Chembe ya sabuni ina ncha mbili: moja hushika mafuta, nyingine hushika maji, hivyo uchafu hung'oka na kwenda na maji. Virusi vya corona vina gamba la mafuta ambalo sabuni hulipasua. Vijidudu vingine haviuawi na sabuni, vinang'olewa tu, na kwa hiyo kusugua kwa sekunde 20 ni sehemu ya kazi yenyewe. Sugua vidole gumba, ncha za vidole na chini ya kucha. Wengi wetu husugua viganja kwa bidii, tukaacha ncha za vidole, na hizo ndizo zinazomega tonge.

Tafiti zinaonyesha kwamba watu wakihamasishwa kunawa kwa sabuni, visa vya kuhara kwa watoto hupungua kwa takriban asilimia 30. Maana yake ni kupungua kwa safari za kwenda duka la dawa kununua vidonge vya tumbo bila kupimwa, jambo linalozidi kuwapa vijidudu usugu dhidi ya dawa.

Sabuni si lazima iwe ile ya bei inayojinadi kwamba inaua vijidudu. Mwaka 2016 Marekani ilipiga marufuku viambato 19 katika sabuni za namna hiyo, triklosani ikiwemo, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida. Kipande cha kufulia kinatosha. Sabuni ya unga kidogo ikichanganywa na maji katika chupa ya soda iliyotobolewa kifuniko, nayo inatosha. Sanitaiza ni ya dharura: iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 60, na usiitegemee kwenye mikono yenye matope au mafuta ya chapati.

Mtu wa Mathare ataniuliza, maji yenyewe yako wapi? Ana haki. Mtaa ukipewa maji kwa zamu na mtungi wa lita 20 ukinunuliwa, hakuna atakayeacha mfereji ukimwagika. Hapo ndipo kibuyu chirizi kinapofaa: mtungi mdogo unaoning'inia mtini, kamba na kijiti cha kukanyaga, maji yakatoka kidogo kidogo bila kushikwa na mkono mchafu. Kiweke mlangoni pa choo. Kikiwekwa jikoni, anayetoka chooni atakuwa ameshashika komeo, simu na mtoto.

Vibanda vingi vilivyonunua matangi yenye mfereji mwaka 2020 bado vinayo, ila sabuni haikai. Wateja huitia mfukoni. Mama mmoja aliyechoka kuibiwa aliitia katika wavu wa vitunguu, akaufunga kwenye mfereji kwa fundo ambalo hata yeye hulifungua kwa kisu. Mteja husugua mikono juu ya wavu, povu likatoka. Nilipopita tena, kipande kilikuwa kimebaki chembamba kama kucha, lakini kilikuwa palepale.